Soya Si Nyama, na Hilo Si Kosa Lake

Hotuba ya lishe kwa wakazi wa Kaunti ya Kilifi



Mazungumzo ya leo yanahusu sufuria. Yanahusu vyakula ambavyo watu huvipika mahali pa nyama: soya ya vipande inayouzwa kwa pakiti, uyoga, fenesi bichi, kunde, mbaazi na ndugu zake. Katika nyumba nyingi vyakula hivi huletwa mezani kwa namna ya kuomba radhi. Mpishi huweka bakuli chini na kusema, "Leo hakuna nyama, mtavumilia soya." Mtoto akisikia hivyo, huonja akitafuta nyama. Haipati. Anasukuma sahani kando, na baba naye anamaliza chakula kimyakimya kama mtu anayelipa deni. Chakula kimeshahukumiwa kabla hakijaonjwa.

Ujumbe wa leo ni huu: chakula mbadala kipimwe kwa kile kilicho nacho, kipikwe kwa njia yake, na kiitwe kwa jina lake. Kikifanyiwa hivyo, kitaliwa kwa hamu. Kisipofanyiwa hivyo, kitabaki kuwa chakula cha shida, na chakula cha shida hakikai nyumbani hata kama kina faida.

Kwa nini jambo hili ni zito

Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022, unaojulikana kwa kifupi kama KDHS, uliwapima watoto wa chini ya miaka mitano katika kaunti zote 47. Katika Kenya nzima, watoto 18 kati ya kila 100 walikuwa wamedumaa, maana yake ni wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu na maradhi ya mara kwa mara. Katika Kilifi walikuwa 37 kati ya kila 100. Hicho ndicho kiwango kilichokuwa juu kuliko cha kaunti nyingine yoyote.

Kudumaa hakuletwi na njaa peke yake. Mtoto anaweza kushiba sima asubuhi na jioni na bado akadumaa, kwa sababu sima hujaza tumbo lakini haina protini ya kutosha ya kujengea mwili. Nyama, samaki, mayai na maziwa vinayo protini hiyo, lakini bei yake haifikiwi na kila nyumba kila siku. Na mifugo yenyewe haina uhakika. Ukame wa mwaka 2020 hadi mwanzoni mwa 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni 2 katika maeneo kame ya Kenya. Wafugaji wa Ganze na Magarini hawahitaji kusimuliwa habari hiyo, kwa sababu waliiona kwenye mazizi yao.

Basi mahali ambapo nyama huonekana mara moja kwa wiki, au mara moja kwa mwezi, swali la kile kinacholiwa siku zile nyingine si swali dogo. Nyumba ikidharau chakula cha siku hizo, mtoto ndiye anayelipa.

Viongozi wawili na mlo usio na nyama

Watu wa China wana kisa cha zamani sana. Kimeandikwa katika kitabu cha mwandishi Tao Gu, aliyeishi katika karne ya 10. Kisa hicho kinamtaja Shi Ji, naibu wa mkuu wa wilaya ya Qingyang. Alikuwa mtu mwadilifu na mchapa kazi, hakuwa na uwezo wa kununua nyama, na kila siku alinunua vipande vichache vya tofu sokoni. Tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa na kukamuliwa maji hadi yakawa kama jibini laini. Watu wa mji waliona mambo hayo, wakaipa tofu jina la utani: kondoo wa naibu.

Jina lile lilikuwa la mzaha, tena la heshima kidogo. Lakini Wachina hawakuishia kwenye mzaha. Kwa zaidi ya miaka 1,000 wamekuwa wakiipika tofu kama tofu: huikaanga, huichemsha kwenye supu, huigandisha kwa baridi ili iwe na matundu ya kunyonya mchuzi, na huivundisha hadi itoe harufu kali ambayo wapenzi wake huifuata mtaani. Leo mtu tajiri mwenye nyama tele hununua tofu vilevile, kwa sababu anaipenda. Katika vyakula vyao maarufu kimo hata kimoja ambamo tofu na nyama ya kusaga hupikwa katika sufuria moja. Mbadala na asili vimekaa pamoja bila ugomvi.

Kiongozi wa pili ni Konrad Adenauer wa Ujerumani. Kabla hajawa chansela wa kwanza wa Ujerumani Magharibi mwaka 1949, alikuwa meya wa jiji la Cologne. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia chakula kiliadimika mno, na Adenauer akabuni soseji iliyotengenezwa kwa soya. Alipoomba hataza nyumbani kwao alikataliwa, kwa sababu sheria za Ujerumani zilitaka kitu kinachoitwa soseji kiwe na nyama. Uingereza ndiyo iliyompa hataza, tarehe 26 Juni 1918, hali nchi hizo mbili zilikuwa bado vitani.

Soseji ya Adenauer haikupata mapenzi kama ya tofu. Ilizaliwa katika kundi la vyakula vya badala vya wakati wa vita, kama kahawa ya kokwa za mwaloni, na Wajerumani walivikumbuka vyakula hivyo kwa uchungu. Kila kimoja kiliwakumbusha kile walichokikosa. Shida ilipopungua, waliviacha.

Kuna mfano wa tatu wa kuongeza hapo. Katika mji wa New Orleans nchini Marekani, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865, kahawa ilikuwa adimu na watu waliirefusha kwa mizizi ya mmea uitwao chikori, iliyokaangwa na kusagwa. Vita viliisha na kahawa ikarudi, lakini chikori haikuondoka. Watu walikuwa wamezoea uchungu wake mzito, wakagundua kwamba unaendana vizuri na maziwa ya moto. Mpaka leo kahawa ya chikori ni fahari ya mji huo, na wageni huitafuta.

Vyakula hivi vyote vilianza kwa upungufu. Kilichovitenganisha ni kwamba vingine vilipata watu wa kuuliza, "Kitu hiki chenyewe kina utamu gani?" na vingine havikupata.

Pwani inajua jambo hili tayari

Mkazi wa Kilifi hana haja ya kwenda China kutafuta ushahidi. Asubuhi mtu hununua mahamri na mbaazi za nazi. Mbaazi zile zina protini, zinashibisha, na kwa wengi ndizo zinazobeba kazi ya nyama katika mlo huo. Lakini hakuna anayeziita nyama bandia, wala hakuna anayelalamika kwamba hazina mfupa. Zina tui zito, zina pilipili na kitunguu, na mlaji anazitaka hivyo zilivyo.

Bajia za kunde ni vivyo hivyo. Kunde hulowekwa, hutolewa maganda, husagwa na kitunguu saumu, pilipili na dhania, kisha hukaangwa. Anayezila na chatini ya ukwaju hafikirii kababu. Mbaazi na kunde zilipewa muda, zikapewa viungo vyake na saa yake ya kuliwa. Soya ya pakiti ni mgeni tu ambaye bado hajapewa hayo.

Kila kimoja na kipaji chake

Soya ya vipande hutengenezwa kwa unga wa soya uliokwisha kukamuliwa mafuta. Unga huo huchanganywa na maji, husukumwa na mashine kwa joto na mgandamizo mkubwa, na unapotoka huvimba na kuwa na nyuzi. Ikiwa kavu, karibu nusu ya uzito wake ni protini. Ikilowekwa, uzito wake huongezeka zaidi ya mara mbili, kwa hiyo pakiti ndogo hulisha watu wengi kuliko inavyoonekana dukani. Anayelinganisha bei yake na ya nyama asiangalie kilo kwa kilo, bali ahesabu ni sahani ngapi zinazotoka.

Haina mafuta, haina mfupa, na ladha yake yenyewe ni ndogo. Kipaji chake ni kunyonya. Ni kama sifongo: ikipewa maji matupu itakuwa na ladha ya maji, ikipewa mchuzi wa maana itabeba mchuzi huo hadi ndani.

Hapo ndipo wapishi wengi hukosea. Huitupa kavu kwenye mchuzi mwepesi, huiacha ichemke muda mrefu kama nyama ya ng'ombe, kisha hushangaa kwamba imelainika mno na haina ladha. Mpishi anayeijua huiloweka kwa maji ya moto yenye chumvi kidogo kwa dakika 10 hadi 15, kisha huikamua kwa mikono mpaka maji yote yatoke. Hapo ndipo huipaka viungo: tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, binzari. Huikaanga kwa mafuta hadi kingo zake ziwe za kahawia, na mwishoni kabisa huiingiza kwenye rosti ya nyanya au tui la nazi. Kukaanga hakurukwi, kwa sababu ndiko kunakoipa soya kitu cha kutafuna.

Fenesi bichi lina kipaji kingine. Wakazi wengi hulijua fenesi likiwa limeiva, tamu na lenye harufu. Lakini katika Sri Lanka na Bengal, fenesi changa hupikwa mchuzi kama mboga, na Wabengali wamelipa jina linalomaanisha mbuzi wa mtini. Nyama yake huchambuka kwa nyuzi ikichemshwa. Mpishi hupaka mafuta kwenye kisu na mikono kwanza, kwa sababu ya utomvu wake, kisha hulikata vipande, hulichemsha kwa chumvi na manjano hadi lilainike, ndipo hulitia kwenye mchuzi wa nazi. Mbegu zake nazo zinaliwa zikichemshwa au kuchomwa.

Ila jambo moja lazima lisemwe waziwazi. Fenesi linafanana na nyama kwa macho na kwa meno, lakini protini yake ni kidogo sana, takriban gramu 2 katika kila gramu 100. Uyoga mbichi nao ni takriban gramu 3. Hivyo ni vibadala vya utamu, si vibadala vya lishe. Anayepika fenesi aongeze kunde au pojo kwenye mlo huo, na hapo nyumba itakuwa imepata vyote viwili.

Kunde, pojo na mbaazi zikiwa kavu zina protini ya gramu 20 na zaidi kidogo katika kila gramu 100. Soya nzima ina zaidi ya gramu 35. Mbegu za jamii hii zikiliwa pamoja na mahindi au mchele, kila upande huziba pengo la mwenzake: nafaka zina upungufu wa sehemu moja muhimu ya protini ambayo jamii ya kunde inayo kwa wingi, na kunde nazo zina upungufu wa sehemu nyingine iliyo kwenye nafaka. Wali kwa mbaazi, au pure ya mahindi na kunde, ni mlo uliopangika vizuri. Zaidi ya hayo, kunde, pojo na mbaazi huvumilia jua kuliko mahindi, na mizizi yake hurudishia shamba rutuba.

Yale ambayo mbadala hauwezi

Kusifu chakula kwa haki ni pamoja na kutaja mipaka yake.

Kwanza, vitamini B12, inayohitajika kwa damu na mishipa ya fahamu, haipatikani kwenye mimea kwa kiasi cha kutegemewa. Hupatikana kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, au kwenye chakula kilichoongezwa vitamini hiyo kiwandani. Kwa hiyo mama mjamzito, anayenyonyesha, na mtoto anayeanza kula asipewe mimea peke yake. Dagaa wachache waliosagwa na kuchanganywa kwenye mchuzi wa kunde, au yai moja, hufanya kazi kubwa.

Pili, madini ya chuma yaliyo kwenye mimea huingia mwilini kwa shida kuliko ya nyama. Ndimu, embe bichi au nyanya kwenye mlo huo husaidia. Chai pamoja na mlo huzuia. Nyumba inayokula mbaazi inaweza kungoja saa moja kabla ya kunywa chai, na haitapoteza kitu.

Tatu, maziwa ya soya ya kawaida si mbadala wa maziwa ya mama. Mtoto wa chini ya miezi sita ni wa kunyonya tu.

Nne, soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, kwa hiyo soya nzima lazima ilowekwe na ichemshwe hadi iive kabisa. Na wapo watu ambao miili yao hukataa soya. Anayewashwa, kuvimba midomo au kubanwa kifua baada ya kuila aiache na aende kituo cha afya mara moja.

Jina la haki

Limebaki jambo la soko. Wapo wauzaji wanaochanganya soya kwenye sambusa na kuziuza kama za nyama tupu. Mteja akija kugundua, hasira yake huiangukia soya, hali kosa ni la aliyemficha. Mlaji ana haki ya kujua anachokula, kwa ajili ya afya yake, mfuko wake na imani yake.

Lakini kudai jina la haki si kudai aibu. Katika Marekani, jimbo la New Hampshire lilipitisha sheria mwaka 1891 iliyotaka majarini ipakwe rangi ya waridi kabla ya kuuzwa, ili mnunuzi asiichukulie kuwa siagi, na pia ili aichukie. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliifuta sheria hiyo, kwa kuwa kulazimisha chakula kizuri kiwe na sura ya kukirihisha ni sawa na kukipiga marufuku. Leo majarini hupakwa kwenye mkate katika nyumba nyingi za Kilifi, na hakuna anayeomba radhi.

Mama anayeuza sambusa kando ya stendi anaweza kuandika kwenye kibao chake "Sambusa za soya" kwa herufi kubwa, azitie pilipili na dhania za kutosha, na kuziuza kwa bei yake. Wateja wasiokula nyama watamfuata. Wenye kula nyama wataonja, na wakizipenda watarudi wakijua wanachorudia.

Mnunuzi naye, anapochukua pakiti dukani, asome maandishi. Aangalie alama ya ubora ya KEBS, tarehe ya mwisho ya matumizi, kiasi cha protini na kiasi cha chumvi, kwa sababu soya iliyotiwa ladha kiwandani mara nyingi huwa na chumvi nyingi. Kwa wanaozingatia halali au wasiokula nyama kabisa, waangalie pia kama ladha iliyoongezwa imetokana na mnyama.

Pa kuanzia

Nyumba inayotaka kujaribu haina haja ya kubadilisha kila kitu. Ichague siku moja ya wiki. Ipike soya ya kukaanga kwa tui, au fenesi kwa pojo, au kunde kwa dagaa, na siku hiyo isitajwe nyama mezani hata mara moja. Mpishi aseme tu, "Leo ni soya ya nazi." Watoto waulizwe chumvi imekolea au la, pilipili imezidi au haijafika, kama wanavyoulizwa kuhusu pilau. Wiki inayofuata, kiungo kimoja kibadilishwe.

Wenye watoto wa chini ya miaka mitano wawapeleke kliniki wapimwe uzito na urefu, hata kama hawaumwi, na wamuulize afisa wa lishe mlo wa mtoto upangwe vipi kwa vyakula vilivyopo nyumbani. Kudumaa hakuonekani kwa macho mapema, na siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi mtoto atimize miaka miwili, ndizo zenye nafasi kubwa ya kukuzuia.

Siku nyama ikipatikana, iliwe kwa furaha. Kesho yake, mbaazi nazo ziliwe kwa furaha.